Kiti cha Chuo ni cha Nani?

Kila mara majina ya waliochaguliwa kuingia chuo yanapobandikwa, hapa Kakuma watu husema maneno mawili kwa pumzi moja. La kwanza ni "hongera". La pili ni "usitusahau". Hilo la pili, ukilisikiliza vizuri, ni deni. Kijana hajafungua hata daftari la kwanza, tayari ameandikwa kwenye kitabu cha wadaiwa. Anadaiwa na mama yake, anadaiwa na kanisa au msikiti wake, anadaiwa na komyuniti yake, anadaiwa na vijana wote wa bloku waliobaki nje.

Nataka tuulize bila haraka: deni hilo ni la kweli? Na kama ni la kweli, nani hasa anadaiwa, na anadaiwa nini?

Mimi nafanya kazi na vijana, na swali hili wanalileta wao wenyewe. Safari hii limekuwa kali kwa sababu mambo mawili yamekuja pamoja. Kituo kimoja ambacho vijana wetu wanasomea masomo ya chuo kimeboreshwa. Darasa la mawe limesimama mahali pa lile la mabati, sola mpya ziko juu ya paa, laptopu zimeongezwa, intaneti ina nguvu, vyoo vya wasichana vina milango inayofungwa, na seng'enge imezunguka yote. Wanafunzi wapya wameingia. Lakini huku nyumbani tumetoka kwenye mwaka wa 2025, mwaka ambao rasheni ilishuka chini sana na familia zikagawanywa makundi kulingana na mahitaji, wengine wakabaki bila kitu. Kwa hiyo mama anayerudi na mfuko mwepesi anapita mbele ya ukuta mpya. Mmoja alisema sentensi ambayo vijana wangu wanairudia hadi leo: "Simenti hailiwi."

Nitarudi kwa huyo mama. Kwanza tuangalie hesabu.

Mwaka 2019 shirika la UNHCR liliweka lengo kwamba ifikapo 2030, vijana wakimbizi 15 katika kila 100 wawe wamefika elimu ya juu. Wakati lengo linawekwa walikuwa 3 katika 100. Miaka michache baadaye wakafika 7. Ukichukua vijana wote wa dunia, ni zaidi ya 40 katika 100. Skolashipu ya DAFI, ambayo serikali ya Ujerumani imeibeba tangu mwanzo, ilianza 1992, mwaka uleule kambi ya Kakuma ilipofunguliwa kupokea vijana waliotembea kwa miguu kutoka Sudan. Tangu hapo DAFI imesomesha zaidi ya wakimbizi 20,000 katika nchi nyingi. Ni kazi kubwa, tusiidharau. Lakini gawanya hiyo 20,000 kwa zaidi ya miaka 30 na kwa nchi zote hizo, halafu kumbuka kwamba Kakuma na Kalobeyei peke yake zina watu zaidi ya 250,000. Utaona kwamba kila kiti kinapopata mtu, kuna watu wengi waliosimama nyuma yake.

Hapo ndipo deni linapozaliwa. Kiti ni kimoja na wenye kukitaka ni wengi, basi aliyekaa anaonekana amekaa juu ya wengine.

Kuna majibu mawili ambayo nayasikia sana, na kila moja lina nguvu yake.

Jibu la kwanza linasema: ndiyo, anadaiwa, na anadaiwa kila kitu. Mwalimu Julius Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania, alilieleza kwa mfano ambao wazee wengi wa hapa wanaujua hata kama hawajui ulitoka wapi. Kijiji kina njaa. Watu wanakusanya chakula chote kilichobaki na kumpa mtu mmoja, ili apate nguvu ya kutembea mbali na kuleta msaada. Huyo mtu akishiba kisha asirudi, ni msaliti. Msomi, alisema Nyerere, ndiye yule aliyepewa chakula. Mfano huo haukubaki maneno. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo cha Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kulitumikia taifa baada ya masomo, na Nyerere akawafukuza mamia yao, akawarudisha vijijini kwao.

Jibu la pili linasema: hapana, hadaiwi kitu. Alisoma, alifaulu, alijaza fomu, alifanya mtihani na mahojiano, akashinda. Wewe ulikuwa wapi wakati yeye anasoma na tochi ya simu? Kiti ni jasho lake. Akitaka kusaidia atasaidia, lakini hiyo ni hisani, na hisani hailazimishwi.

Mimi naona majibu yote mawili yanakosea mahali.

Tuanze na lile la kijiji. Mfano wa Nyerere ni mzuri sana, lakini angalia umejengwa juu ya nini. Chakula kilikuwa cha kijiji. Kijiji kilikaa, kikaamua, kikachagua mtu, na kila mmoja akaingia na njaa ili huyo mmoja ale. Deni linatoka hapo, kwenye sahani za wale waliojinyima. Sasa kiti cha chuo hapa Kakuma kimetoka kwa nani? Sisi hatukukaa mkutano. Hatukutoa rasheni yetu. Pesa zilitoka kwa mfadhili wa mbali, idadi ya viti iliamuliwa ofisini, na majina yalichujwa na kamati. Mtu wa bloku ya pili hakupoteza hata kilo ya mtama kwa sababu jirani yake amepata skolashipu. Kwa nini basi aseme anamdai?

Na hata Nyerere mwenyewe tumsome mpaka mwisho. Wakati ule wa 1966, pamoja na kuwafukuza wale wanafunzi, alikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Unaweza kubishana naye kuhusu adhabu aliyowapa vijana, na mimi naona ilikuwa kali. Lakini kitu kimoja huwezi kumnyima: aliyetoa bili kwa vijana alijiandikia na yeye bili. Hapa kwetu bili inaandikwa upande mmoja tu. Kijana wa miaka 20 anaambiwa abebe komyuniti nzima, na wale wenye uwezo wa kuongeza viti au kupunguza hawaandikwi popote.

Nikisema hivyo vijana waliopata viti wanapiga makofi. Wasipige haraka, maana jibu la pili nalo lina tundu.

Chukua wanafunzi wawili wa kidato cha nne, darasa moja, akili sawa. Mmoja nyumbani kwao kuna taa ya sola na kuna dada mkubwa aliyeacha shule ili apange laini ya maji, apike, alee wadogo. Mwingine ni yeye mwenyewe huyo dada mkubwa. Mtihani ukija, wa kwanza anapata alama inayotosha, wa pili anakosa kidogo tu. Tutasema wa kwanza ameshinda kwa jasho lake, na ni kweli jasho lipo. Lakini ndani ya alama zake kuna saa za mtu mwingine. Kuna madumu ya maji ambayo hakuyabeba. Kuna usiku ambao mtu mwingine aliamka na mtoto mgonjwa ili yeye alale. Alama haziandiki majina ya hao watu, karatasi ya matokeo ina jina moja tu.

Kwa hiyo deni lipo, ila lina majina. Hapa ndipo ninaposimama katika andiko hili lote. Kuna deni lenye jina na kuna deni lisilo na jina. Deni lenye jina ni la yule dada aliyepanga laini ya maji. Ni la mwalimu anayefundisha watoto 100 na zaidi darasani kwa ile posho tunayoiita insentivu, ambayo haifiki mshahara wa mwalimu mwenzake mwenye kitambulisho cha taifa. Ni la jirani aliyekopesha simu siku ya kujaza fomu. Mwanafunzi mpya anaweza kukaa chini akayaandika hayo majina, na mara nyingi hayazidi kumi. Hayo anadaiwa kweli, na anaweza kuyalipa. Anaweza kumfundisha yule dada hisabati jioni mpaka arudie mtihani.

Deni lisilo na jina ni lile la "komyuniti", "watu wako", "kambi nzima". Hilo halilipiki kwa sababu halina mwisho wala risiti. Nimeona linavyofanya kazi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaombwa kuwa mkalimani wa bure, mwandishi wa barua za wazee, mwalimu wa Jumamosi, mchangiaji wa kila harusi na msiba. Akikataa moja anaambiwa ameanza kiburi cha kusoma. Mwaka wa pili anaanza kupita njia ya nyuma ili asionekane. Tulitaka awe karibu nasi, na bili yetu ndiyo inayomfukuza.

Mtu atauliza: sasa wale waliobaki nje wanadai nani? Maana hawawezi kuambiwa tu kwamba hakuna anayewadai wala wanayemdai. Ni vijana walewale, wamefaulu vilevile, na viti vimeisha. Wana haki ya kudai. Lakini madai yao wayapeleke kwa mwenye kuamua idadi ya viti, wasiyapeleke kwa mwenzao aliyekaa kwenye kimoja. Huyo mwenzao hakuchapisha zile fomu. Hata akisimama leo na kusema "natoka", kiti hakitaongezeka, kitahama tu.

Sasa nije kwenye majengo, na kwa yule mama.

Watu wengi wanamjibu vibaya. Wanamwambia "elimu ni ufunguo wa maisha", kisha wanapita. Yeye hakupinga elimu, alitaja njaa. Jibu la heshima kwake ni kukubali kwamba pesa ya simenti na pesa ya unga kwa kawaida hazitoki mfuko mmoja, na kwamba kuvunja ukuta hakungemrudishia mafuta yake. Lakini pia ni kukubali kwamba ana haki ya kuuliza ukuta huo unamfaa nani.

Kuhusu kungoja kwanza tushibe ndipo tusome, historia ya jirani zetu inatusaidia. Makerere ilianza 1922 kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, wakijifunza useremala, ujenzi na umakanika. Chuo cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961, nchi ikiwa haijapata hata uhuru, ndani ya jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiofika 20. Mlimani walihamia 1964. Hakuna aliyengoja kila sahani ijae. Na hakuna aliyengoja majengo pia. Chuo kilikuwepo kabla ya kuta zake, kwa sababu walikuwepo mwalimu, mwanafunzi na kitu cha kusoma.

Ndiyo maana maboresho ya kituo siyahesabu kwa mawe. Nayahesabu kwa swali moja: je, kitu hiki kipya kinamleta karibu mtu aliyekuwa mbali, au kinamsukuma mbali zaidi?

Vyoo vya wasichana vyenye milango vinaleta karibu. Kuna wasichana waliokuwa wanaondoka saa sita mchana kwa sababu hiyo peke yake, na sasa wanabaki hadi jioni. Taa za sola kwenye njia ya getini zinaleta karibu. Kivuli na mkeka kwa watoto wa wanafunzi kingeleta karibu sana, na hicho bado hakipo. Mama wa miaka 19 akipewa skolashipu bila mahali pa kumweka mtoto, amepewa kitu asichoweza kukitumia. Ni kitu cha bei ndogo kuliko laptopu tatu.

Halafu kuna seng'enge, na hapa mambo si rahisi.

Seng'enge ina sababu. Laptopu zikiibiwa, wanafunzi ndio wanaokosa, na hakuna mfadhili anayenunua mara mbili kwa furaha. Soja wa geti ana daftari lake na anafanya kazi yake. Lakini intaneti haijui seng'enge. Inavuka waya, na jioni utakuta vijana wamekaa chini upande wa nje, mgongo kwenye nguzo, simu mkononi. Wengine wanaangalia mpira, tusidanganyane. Wengine wanapakua mitihani ya zamani, wanatafuta skolashipu, wanajaza fomu ambayo kwa bando la kununua ingewamaliza. Paswadi waliipata kwa rafiki aliye ndani. Kisha intaneti ikawa nzito darasani, wanafunzi wakashindwa kutuma kazi zao kwa wakati, paswadi ikabadilishwa, na rafiki aliyeitoa akaonywa.

Tulibishana jambo hili kwenye kikundi cha vijana zaidi ya saa mbili. Wa nje mmoja alisema: "Kaka, mimi siibi. Ikinifikia nimekaa barabarani, ni kama harufu ya chakula. Nani anashtakiwa kwa kunusa?" Msichana wa ndani akamjibu: "Mimi kazi yangu ilichelewa, nikakatwa alama. Harufu haipunguzi chungu. Wewe ulipunguza chungu." Wote wawili wana ukweli. Intaneti ina kipimo chake na watu wakizidi inazidiwa, kwa hiyo yule msichana hakuonyesha roho mbaya. Lakini yule kijana naye hakutaka anasa, alitaka njia ya kufika mahali ambapo mwenzake ameshafika.

Ona jinsi wale wawili walivyoanza kuhesabiana makosa, wakati tatizo lao ni moja: mtu amenunua intaneti ya watu 60 mahali penye vijana maelfu. Na kuna suluhisho la katikati ambalo halihitaji mtu kuwa mtakatifu. Baada ya masomo, saa mbili za jioni, laini ifunguliwe kwa wa nje, iwe ya kusoma tu bila video, wakae kwenye benchi chini ya taa na soja akiwaona. Mitihani ya zamani na vitabu vya bure viwekwe kwenye kompyuta moja karibu na geti, ambayo mtu anachomeka flashi na kunakili bila kugusa intaneti. Hili tumelipendekeza, na jibu tunalingoja. Nalileta hapa ili wanaofanya kazi kwenye mashirika walisome na wao.

Maana kuna mifano ya jinsi deni linavyoweza kubebwa na wengi badala ya mmoja, na miwili iko karibu nasi.

Wa kwanza ni wa Dadaab. Mradi wa BHER ulianza 2013 ukiunganisha vyuo vikuu vya Kenya, Kenyatta na Moi, na vya Kanada, York na British Columbia. Waliofikiriwa kwanza walikuwa walimu wa shule za kambini waliokuwa wanafundisha bila kusomea ualimu, pamoja na walimu wa wenyeji wa pale. Walisoma cheti, kisha diploma, wengine hadi digrii, huku wakiendelea kufundisha. Hakuna aliyehitaji kumwambia mwalimu yule "usitusahau". Asubuhi yake ilikuwa darasani na watoto wetu. Kurudisha kulijengwa ndani ya mpango wenyewe, hakukuachwa kwenye dhamiri ya mtu mmoja.

Wa pili ni wa WUSC, ule mpango wa Kanada ambao kila fomu zake zikitoka Kakuma hailali. Unapeleka wanafunzi wakimbizi kwenye vyuo vya Kanada tangu 1978. Pesa nyingi zinatoka wapi? Katika vyuo vingi wanafunzi wenyewe walipiga kura kwamba kila mmoja akatwe kiasi kidogo kwenye ada, na hivyo vidogo vikijumlishwa vinamsomesha mtu ambaye hawajawahi kumwona. Hakuna mmoja anayeumia. Hakuna mmoja anayeweza kujitangaza kuwa mwokozi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho kina mtoto wa Kakuma ndani yake.

Kwa ndugu zetu wa mashirika, nasema kwa heshima: msituwekee kwenye mabango sura ya mwanafunzi mmoja na maneno kwamba yeye ndiye tumaini la watu wake. Mnajua bili hiyo itapelekwa kwa nani. Bandikeni pia idadi ya walioomba, idadi ya waliofaulu na idadi ya viti. Watu wakiona kwamba 300 walifaa na viti vilikuwa 25, wataacha kuuliza "huyu alimhonga nani?" na wataanza kuuliza "viti vingine viko wapi?" Hizo namba nimezitoa kichwani kama mfano tu. Za kweli mnazo ninyi.

Swali la "alimhonga nani" lina ndugu yake mbaya zaidi: "hao ni wa kabila gani?" Kila mara majina yakitoka, watu wanahesabu. Wakongomani wangapi, Wasudani Kusini wangapi, Wasomali wangapi, Warundi wangapi. Na wanahesabu Waturkana. Nimesikia kijana akisema: "Chuo hiki kililetwa kwa ajili ya wakimbizi, wenyeji wana serikali yao." Nikamwomba atoke nje aangalie ardhi aliyosimama juu yake. Kabla ya 1992 hapa palikuwa na mbuzi na ngamia na watu waliokuwa wanaijua laga ya Tarach kwa majina ya kila kona yake. Kijana wa Turkana aliyesoma chini ya mti na kutembea kilomita nyingi hadi shule hajatunyang'anya kitu. Yeye na sisi tuko upande mmoja wa seng'enge, tunaangalia taa ileile. Ukigawa upungufu kwa makabila, upungufu unabaki palepale na unaongeza maadui.

Basi mwanafunzi mpya afanye nini? Kama ningekuwa na dakika tano nao siku ya kwanza, ningewaambia mambo matatu madogo, kwa sababu makubwa wameshaambiwa mengi.

Kwanza, sema ukweli kuhusu njia uliyopita. Fomu ilikuwa na maswali gani, insha walitaka iwe vipi, mahojiano walikuuliza nini. Kuna watu wakishapita wanajifanya ilikuwa ni Mungu tu. Mungu alikuwepo, ndiyo, lakini pia ulikuwa na mtu aliyekusomea insha yako mara nne. Msaidie na mwingine kusomewa.

Pili, andika majina yako. Yale yasiyozidi kumi. Uwalipe hao, kwa kitu unachoweza, kwa wakati unaoweza. Ukiombwa na wa kumi na moja, una haki ya kusema "leo nina mtihani" bila kujiona mwizi.

Tatu, ukija kukaa kwenye ofisi inayoamua idadi ya viti, na wengine wenu mtakaa, ujue kwamba siku hiyo ndipo deni la kambi nzima linakupata kwa haki, kwa sababu sasa kalamu iko mkononi mwako.

Na sisi tuliobaki nje? Tuna kazi pia. Tuache kumfanya jirani yetu kuwa benki. Akipita na begi lake asubuhi, "hongera" inatosha. Lile la pili tulipeleke mahali pake: kwenye mkutano wa viongozi wa bloku, kwenye sanduku la maoni, kwenye meza ya yule anayekuja na gari kupima ujenzi. Seng'enge ya kituo kile bado haijamalizika upande wa kusini, nguzo zimesimama bila waya. Watakapokuja kuumaliza, tuwepo hapo tuwaulize geti la pili wataliweka wapi, na litafunguliwa saa ngapi.